Chai ya Kijani, Chumvi ya Katwe

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndivyo tulivyofundishwa tangu tukiwa tunatambaa. Leo naigeuza methali hiyo kichwa chini miguu juu. Mkuu anayesikiwa na kila mtu, asiyeambiwa hapana hata siku moja, huyo ndiye anayevunjika guu.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mimi ni Gorret, nawasemesha kutoka hapa Bwera, na saa hii tumewatengea waliotutoka. Leo tunamkumbuka Mzee Zedekia Tsongo, muuza chumvi wa soko la mpakani la Mpondwe. Amefariki Alhamisi ya wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na mitatu. Amekufa kwa kiharusi. Narudia: kiharusi. Kwenye matanga nilisikia watu wakisema malaria. Wengine walisema jicho la jirani. Ilikuwa kiharusi.

Habari zake nimepewa na mjane wake, Mama Vasta Biira. Tulikaa jikoni kwake siku mbili, yeye akichambua maharagwe, mimi na kinasa sauti changu juu ya kinu. Nilimuuliza ni mambo gani angependa niyaache. Akasema, "Usiache kitu. Nimenyamaza miaka thelathini na saba, mwanangu. Inatosha."

Basi sikilizeni.

Zedekia alizaliwa Mahango, kule juu mlimani, ambako shamba la mtu limesimama kama ukuta. Akiwa kijana aliteremka mpaka ziwa la Katwe kuvuna chumvi. Mnaoijua kazi hiyo mnajua inavyomla mtu. Unasimama ndani ya maji makali tangu asubuhi, na mkwaruzo mdogo wa mguuni unageuka kidonda kinachokaa mwaka mzima. Zedekia aliifanya miaka minne. Kisha akasema hatarudi majini tena, atauza kile ambacho wengine wanachimba. Akahamia Bwera, akapata meza Mpondwe, akaanza kuwauzia chumvi watu wa huku na watu wa Kongo.

Alikuwa na sifa moja iliyomtajirisha. Alikuwa na ulimi.

Chumvi ya Katwe haifanani. Ipo nyeupe ya kula. Ipo ya mawe, ya kulambisha ng'ombe. Ipo pia ambayo mtu asiye na haya ameichanganya na udongo. Zedekia hakununua gunia bila kulijaribu. Aliomba chai ya moto, kavu, isiyo na sukari. Alitia chumvi kiasi cha kushikwa na vidole viwili na gumba, akakizungusha kikombe, akanywa taratibu, kisha akatazama mabaki chini. Chini pakiwa safi, gunia linanunuliwa. Pakiwa na matope, mwenye gunia anatukanwa mbele ya soko zima.

"Huyu baba eko na mashini ndani ya kinywa," wanawake wa Kongo walisema.

Alifanya hivyo miaka thelathini na zaidi. Ulimi ukazoea. Hata nyumbani, hata siku ya Krismasi, Zedekia hakunywa chai isiyo na chumvi. Aliita chai ya namna hiyo maji ya kuoshea miguu. Na kazi ya kutia ile chumvi haikuwa yake. Ilikuwa ya Vasta. Vidole viwili na gumba, vikombe viwili kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vasta alikuwa anapiga goti, anaweka kikombe, anasema, "Karibu, Baba Nobert." Yeye hakujibu. Alionja. Ikiwa imepungua alisukuma kikombe kwa kidole kimoja, na Vasta alikichukua akarudi jikoni.

Ndivyo nyumba ilivyokwenda.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, Zedekia alikuwa na kaka mkubwa anayeitwa Thembo, mkulima wa kahawa huko Karambi. Miaka mitatu iliyopita Thembo alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Zedekia alikwenda kumwona. Vasta alikuwa nyuma yake, amebeba kuku wa mgonjwa. Walimkuta Thembo analishwa uji na binti yake. Zedekia alisimama mlangoni akatazama uji unavyotiririka kidevuni kwa kaka yake. Kisha akasema, mbele ya binti, mbele ya wageni, "Kaka, shika kijiko kama mwanamume."

Thembo hakuweza kujibu. Machozi yalimtoka jicho moja tu.

Njiani kurudi Zedekia alicheka peke yake. Lakini Vasta alimjua mume wake. Aliniambia, "Alikuwa ameogopa kama mutoto." Usiku ule hakula. Alichosema ni neno moja, na alilirudia kwa miezi mingi: "Mimi sitalishwa."

Likumbukeni neno hilo. Zedekia hakuogopa kufa. Aliogopa kijiko. Alichotaka katika maisha yake yaliyobaki kilikuwa kitu kimoja: asilishwe na mtu.

Akaenda kupimwa. Presha ilikuwa juu, juu sana. Musawo aliyempima ni Shallon, muuguzi ambaye wengi wenu mnamjua. Akampa vidonge. Vidonge Zedekia alimeza, nataka mlielewe hilo. Hakuwa mtu wa kutupa dawa ya hospitali. Alimeza kila siku baada ya kula, huku akijisifu. Kuhusu chumvi, Shallon alimwambia aipunguze. Zedekia alimjibu, "Binti, unamwambia mvuvi aache samaki?" Akavaa kofia yake akatoka.

Mwezi uliofuata Shallon alialikwa hapa redioni, kwenye kipindi cha afya. Ile siku Zedekia alikuwa ameketi uani, redio ipo juu ya gunia. Shallon akasema hivi, na kanda tunayo: "Wachunguzi wa nchi za mashariki ya mbali, ambako watu wanakunywa chai ya kijani tangu zamani, wameona kwamba wanaoinywa mara kwa mara hupatwa na kiharusi mara chache kuliko wasioinywa."

Zedekia akanyoosha mkono akazima redio. "Imetosha," akasema. "Nimesikia."

Lakini ng'ambo ya ua anakaa afande Ocen, mwanajeshi mstaafu aliyekuja hapa kutoka kaskazini na hakurudi tena kwao. Masikio ya afande Ocen yaliharibika jeshini, kwa hiyo redio yake inasikika hadi barabarani. Kwa hiyo Vasta, aliyekuwa anaanika nguo kando ya ua, alisikia maneno ya Shallon yaliyofuata. Haya hapa: "Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba ni chai yenyewe inayowalinda. Chai hii si dawa ya presha. Na haiwezi kufuta chumvi unayokula. Mwenye presha, punguza chumvi kwanza."

Mume alisikia nusu. Mke alisikia yote. Nyumba moja, redio mbili, ua mmoja katikati.

Mtoto wao wa kwanza, Nobert, ni mwalimu huko Kasese mjini. Baba akampigia simu, na mwisho wa mwezi Nobert akaja na pakiti za chai ya kijani alizozinunua karibu na stendi ya teksi. Zilikuwa na picha ya mlima uliofunikwa na ukungu. Zedekia aliipenda ile picha. Alisema inafanana na kwao Mahango.

Akaonja chai. Akatema. Ilikuwa chungu, ina harufu ya nyasi zilizolala mvuani. Akamtazama Vasta. "Weka," akasema.

Vasta akaweka. Vidole viwili na gumba.

Na kwa kuwa chai ilikuwa kinga, na Zedekia hakuwa mtu wa nusunusu, aliagiza apewe vikombe vinane kwa siku. Kila kikombe na chumvi yake. Fanyeni hesabu wenyewe. Zamani, vikombe viwili vyenye chumvi. Sasa, vinane. Mtu aliyekuwa anakimbia kiharusi alikuwa ameongeza mwendo, ila alikuwa anakimbilia kulekule kilikokuwa kimesimama.

Sokoni walimcheka. Afande Ocen alikuwa anakuja kukaa kwenye meza yake kila siku ya soko, na alimwambia, "Zedekia, wewe iko mutu ama mbuzi? Majani yote hii unakunywa."

"Afande, umewahi kuona mbuzi aliyepinda mdomo?" Zedekia alimjibu. "Kaka yangu angekuwa mbuzi, angekuwa analima mpaka leo."

Watu walicheka. Vasta alikuwa pale, ameleta chupa ya chai ya mchana. Hakucheka. Akainama karibu na sikio la mumewe, akasema kwa sauti ndogo maneno aliyokuwa ameyabeba tangu ile siku ya redio. "Baba Nobert, yule musawo alisema chai haifuti chumvi. Nilisikia kwa afande. Tupunguze kidogo."

Zedekia akamwangalia. Akaichukua chupa, akaifungua, akamimina chai ya moto juu ya miguu ya Vasta. Kandambili hazizuii kitu. Akasema, "Hiyo haina chumvi ya kutosha. Onja kwa miguu."

Mwanamke mmoja kutoka Kongo alisema, "Aa, papa, si vile." Wengine walitazama bidhaa zao. Afande Ocen alisimama, akaondoka, na hakurudi kwenye ile meza kwa miezi miwili. Nilipomuuliza kwa nini hakusema neno, alipunguza kwanza redio yake. Kisha akasema, "Mimi nilizoea kuona mukubwa anapiga mudogo. Jeshini hauulizi. Hiyo ndiyo aibu yangu, andika."

Vasta alikwenda nyumbani, akapaka miguu asali, akapika. Jioni alipiga goti kama kawaida, polepole kwa sababu ya malengelenge. Akaweka kikombe. Chumvi ilikuwamo, kamili.

Aliniambia hivi, na sikuongeza neno: "Kutoka ile siku sikumwambia kitu tena. Akisema weka, naweka. Akisema ongeza, naongeza. Nilijua. Nilikuwa najua kila kikombe."

Mwaka mmoja na miezi miwili. Vikombe vinane kwa siku.

Shallon alimpima mara mbili katika muda huo na kukuta presha haishuki. Akabadilisha vidonge. Akamuuliza, "Mzee, chumvi umepunguza?" Zedekia akasema, "Nakunywa chai ya kijani, sista. Mara nane. Hata wewe hunywi hivyo." Vasta alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani. Shallon alimgeukia. "Mama, anakula vizuri nyumbani?" Na Vasta akajibu, "Anakula vile anataka."

Lilikuwa jibu la kweli. Muuguzi hakulielewa.

Agosti mwaka jana, siku ya soko, Zedekia alikuwa anajaribu mzigo mpya. Alitia chumvi, akazungusha kikombe, akanywa. Kikombe kikaanguka. Akautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemkosea adabu. Akataka kumtukana mwenye gunia, na ikatoka sauti kama ya mtoto anayejifunza kusema. Kisha akaketi chini, kwenye matope, mbele ya soko zima. Wapo waliodhani anaigiza. Alikuwa amewaigiza wagonjwa mara nyingi.

Hospitalini daktari alimwita Vasta kando. Akamwambia mume amepooza upande wa kulia, maneno yamekwenda, na huenda yasirudi. Akamwambia namna ya kumgeuza kitandani, namna ya kumlisha asipaliwe. Mwisho akasema, "Na chumvi, mama, hapana. Hata chembe." Vasta akainamisha kichwa. "Ndiyo, daktari."

Wasikilizaji wapendwa, mwanamke huyu alikuwa amesema ndiyo maisha yake yote. Hii nayo aliisema, na akaitimiza.

Alimlisha miezi saba. Uji wa mtama bila chumvi. Viazi bila chumvi. Maharagwe yaliyopondwa, bila chumvi. Asubuhi, mchana, jioni, kwa kijiko. Zedekia alikuwa amebakiwa na sauti moja tu kinywani. Alisema, "Chu." Akitazama bakuli, "Chu." Akitazama kikopo chake cha chumvi ya kuonjea, kilichokuwa juu ya kabati, "Chu. Chu."

"Unataka chumvi, Baba Nobert?" Vasta alimuuliza. "Daktari amekataa."

Kisha, baada ya kumfuta kidevu, Vasta alipakua chakula chake mwenyewe. Alikula palepale, ameketi mbele ya mume wake. Alikishusha kile kikopo, akachukua kwa vidole viwili na gumba, akanyunyiza kwenye mchuzi wake, akala bila haraka. Zedekia alitazama mkono, akatazama mdomo, akatazama bakuli mpaka likaisha. Kila siku, miezi saba.

Nilimuuliza, "Mama, ulikuwa unalipiza kisasi?"

Aliendelea kuchambua maharagwe. Alitupa jiwe moja nje, kuku wakalikimbilia. Kisha akasema, "Mume wangu alitaka mke wa kutii. Nilimtii yeye, akaanguka. Nikamtii daktari, akalia. Sasa wewe umesoma, niambie: kutii gani ilikuwa mbaya?"

Swali hilo nawaachia ninyi.

Lakini nina deni la ukweli kwa pande zote, kwa hiyo sikilizeni na hili. Shallon alikuwa anakuja kumwona mgonjwa kila baada ya wiki mbili. Aliniambia kwamba katika miezi saba hakumkuta Zedekia na kidonda hata kimoja mgongoni. Shuka zilikuwa safi. Kucha zimekatwa. Vasta alikuwa anamgeuza kila baada ya saa chache, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwembamba, akimgeuza mwanamume mzito kuliko gunia. Wapo wanaopenda wagonjwa wao na wanawaacha waoze. Huyu sijui kama alipenda. Hakumwacha aoze.

Desemba Thembo alikuja. Aliletwa kwa bodaboda kutoka Karambi, amefungwa kwa kitenge kiunoni mwa dereva asianguke. Miaka mitatu ilikuwa imemrudishia kiasi. Anaburuta mguu, maneno yanatoka yamekunjamana, lakini yanatoka. Na mkono wa kushoto umejifunza kazi zote za wa kulia. Aliingia, akamtazama mdogo wake. Nyumba yote ilingoja. Kila mtu alikumbuka lile neno la kule mlangoni, hata wajukuu walikuwa wamesimuliwa.

Thembo akamwomba Vasta kijiko. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akachota uji kwa mkono wa kushoto, akaupeleka mdomoni kwa Zedekia.

Zedekia akafunga kinywa. Akakaza meno. Uji ukateremka shingoni. Thembo akachota tena. Meno yakakazwa tena. Mara tatu, mara nne.

"Fungua," Thembo akasema. "Mimi nilifungua."

Hakufungua. Siku ile Zedekia hakula kwa mkono wa kaka yake. Ilipofika jioni, Thembo alipokwisha kwenda zake, Zedekia alifungua kinywa kwa Vasta. Njaa haina kiburi. Alikula bakuli zima, macho yake yakiwa kwenye kikopo.

Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, kiharusi kilirudi. Vasta alikuwa amemaliza kumlisha na anaosha kijiko. Aliposikia kukoroma kusiko kwa kawaida, aligeuka, na jambo lilikuwa limekwisha. Amezikwa Mahango, juu, mahali penye ukungu. Wanaume wa Mpondwe walilipandisha jeneza kwa zamu. Thembo alitaka kubeba naye. Wakamwachia ashike kona ya nyuma hatua kumi, kwa mkono wa kushoto.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole. Pole kwa Mama Vasta. Pole kwa Mzee Thembo wa Karambi. Pole kwa Nobert, kwa ndugu na wajukuu, kwa wauza chumvi wa Mpondwe na wateja wao wa ng'ambo. Mungu awape nguvu.

Nanyi mlioko nyumbani, tafakarini. Kunyweni chai ya kijani mkitaka, hakuna aliyewakataza. Lakini kapimeni presha, mkasikilize nusu ya kwanza ya maneno na ya pili. Na wewe mzee, mtazame mtu anayekuletea kikombe. Anajua nini juu yako ambacho anaogopa kukuambia? Muulize leo, ukiwa bado unaweza kutamka swali. Nanyi akina mama mnaojua na kunyamaza, kunyamaza kwenu mnakuelewa vizuri kuliko mimi.

Limebaki jambo moja. Asubuhi hii, kabla sijaingia studio, nilipokea barua ya Nobert. Ni barua ya mwalimu, imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Anataka mambo matatu. Anataka niseme kwamba baba yake aliugua kwa muda mfupi. Anataka nisitaje chumvi wala kijiko, kwa heshima ya marehemu. Na anataka mimi na redio hii tuombe radhi hewani, kwa sababu tulitangaza habari za chai ya kijani na kumpotosha baba yake.

Mwalimu Nobert, ugonjwa ulichukua miezi saba. Musawo alisema nusu zote mbili, kwenye redio hii hii, na kanda iko wazi kwa yeyote atakayekuja kuisikiliza. Katika mji huu kuna wazee wengi wanaokunywa wanachotaka na hakuna wa kuwazuia, na baadhi yao wananisikiliza sasa hivi wakiwa na kikombe mkononi. Nikiwasomea maneno yako mazuri, watamaliza kikombe hicho na kuomba kingine. Nakupa pole ya kufiwa na baba, na pole hiyo inatoka moyoni.

Radhi siombi.